Iba, Kwepa, Vunja: Mwongozo wa Anayejitengenezea Mauntingi ya Injini ya Ndege

Sogea karibu, ndugu yangu, tuambiane ukweli. Unataka kujenga ndege. Unataka siku moja watu wa Muheza watoke madukani waangalie juu, wachuma chai wa Kwamkoro wasimamishe kazi, na yule aliyekuambia huwezi akose la kusema. Tamaa hiyo si dhambi. Bila tamaa ya kuonekana hakuna ambaye angeanza kazi ya namna hii, na wapo waliokutangulia: Gabriel Nderitu kule Nyeri, Chris Nsamba aliyejenga ndege yake uani kwa mama yake Kampala, Adam Kinyekile wa Tunduma na helikopta yake.

Lakini kamera hufuata mabawa, pangaboi na mwenye ndege mwenyewe. Mauntingi haipigwi picha. Ni mabomba machache na masikio ya chuma yanayoshika injini kwenye mwili wa ndege, nayo yamefichwa chini ya boneti. Ni sehemu usiyoruhusiwa kabisa kuikosea. Injini ikichomoka puani, mbele kunabaki kwepesi, uzito wote unahamia nyuma, mkia unashuka, na hakuna usukani utakaoirudisha ndege kwenye mstari.

Ndiyo maana nakupa njia za mkato. Zimo za wizi, zimo za kukwepa, na ipo moja ya uharibifu. Zote zina sharti moja: ukishindwa, ushindwe ukiwa chini.

1. Iba mchoro, na uuibe wote

Usibuni. Tafuta ndege iliyokwisha kuruka miaka mingi kwa injini kama yako na uzito unaokaribiana na wako, ununue michoro yake, kisha unakili mauntingi yake bomba kwa bomba. Huo ndio wizi halali kuliko wote, maana mwenye mchoro ameuuza ili unakiliwe.

Masharti ni mawili. La kwanza, usichague vipande. Ukichukua pembe za mchoro huu, unene wa ule na chuma ulichokikuta gereji, umeshabuni mauntingi mpya bila kujua. La pili, heshimu pembetatu. Mauntingi nzuri huwa na mabomba yanayokutana kwa pembetatu, kwa sababu katika pembetatu kila bomba husukumwa au huvutwa kwa urefu wake, na bomba lina nguvu sana kwa namna hiyo. Ukiondoa bomba moja ili upate nafasi ya kabureta, pembetatu imegeuka kuwa pembenne, na sasa mabomba yanapindwa. Hamisha kabureta.

Ukiona kunakili kunakupunguzia sifa, weka ubunifu wako kwenye rangi. Hakuna kanuni inayozuia ndege yenye mistari ya zambarau kama ua la Saintpaulia la misitu yenu ya Usambara.

2. Tumia hesabu za watu wengine

Huhitaji shahada ili ujue mzigo. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, Sehemu ya 23, kwa toleo lililotumika miaka mingi kabla ya mabadiliko ya mwaka 2017, zimekufanyia kazi kubwa. Ndege ya kawaida hupewa kipimo cha mara 3.8 ya uzito wake, kwa ajili ya kona na miinuko ya ghafla ya rubani. Kisha unazidisha kwa 1.5, ambayo ni akiba ya usalama. Akiba hiyo usiile. Imewekwa kwa ajili ya yale usiyoyajua.

Tuchukue mfano. Tuseme injini yako ni Rotax 912 ULS ya nguvufarasi 100, na pamoja na pangaboi na vikorokoro vyake inafika kilo 75. Zidisha kwa 3.8 upate kilo 285. Zidisha kwa 1.5 upate karibu kilo 428. Mauntingi yako lazima iubebe mzigo huo kwenda chini. Kwa upande, kanuni inataka isipungue mara 1.33, yaani kilo 100, na ukiweka akiba kilo 150.

Halafu kuna msokoto, ambao wengi huusahau kwa sababu hauna uzito wa kuubeba mkononi. Injini hiyo katika mizunguko 5,800 kwa dakika hutoa takribani niutoni-mita 121. Gia yake ya 2.43 inapunguza mizunguko na kukuza msokoto hadi 294 kwenye pangaboi, na mauntingi ndiyo inayopokea msokoto huo kinyume. Lakini silinda hazisukumi kwa utulivu. Hupiga, zikaacha, zikapiga. Kwa hiyo kanuni inataka uzidishe kwa 2 ikiwa injini ina silinda 4, kwa 3 ikiwa nazo 3, kwa 4 ikiwa nazo 2. Silinda zikipungua, mapigo yanazidi kuwa makali. Kwa injini yetu inakuwa 588, na ukiweka akiba, 882.

Andika namba hizi tatu ukutani kwa chaki: 428, 150, 882. Zitakusaidia baadaye, utakapofika kwenye kuvunja.

3. Chagua chuma kwa ukoo wake

Chuma kinachong'aa kitakudanganya. Uliza kimezaliwa wapi na kina cheti gani.

Chuma kinachopendwa kwa kazi hii ni mabomba ya 4130, yenye kromi na molibdeni. Kinachomelewa vizuri, na nguvu yake ya kuanza kujikunja inakaribia megapaskali 435, wakati chuma cha kawaida cha gereji kiko karibu na 250. Ukikosa 4130, hapa ndipo pa kukwepa: chuma laini cha kawaida, chenye cheti, kwa bomba lenye kipenyo kikubwa kidogo. Utabeba gramu zaidi, lakini hutapoteza ugumu, kwa sababu vyuma vyote, cha bei na cha rahisi, hugoma kunepa kwa kiasi kilekile. 4130 inachelewa kukatika na kubaki imepinda. Kunepa inanepa kama ndugu zake.

Sasa orodha ya visivyofaa. Bomba la maji lililopakwa zinki: hujui ukoo wake, na zinki huharibu mchomeleo na moshi wake humwumiza mchomeleaji. Bapa la springi la lori: ni gumu na la kuvutia, lakini ukilichomelea hugeuka kuwa kitu cha kukatika ghafla bila kuonya. Nondo: imeumbwa kukaa ndani ya zege. Bomba la kitanda cha hospitali: hapana.

Na alumini? Ni nyepesi mara tatu kuliko chuma, na papo hapo ni laini mara tatu. Ukichomelea alumini ya 6061-T6, sehemu iliyo jirani na mchomeleo inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Tena alumini haina kiwango cha mtikisiko inachoweza kukivumilia milele. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani, kinaweza kuendelea miaka na miaka. Alumini huhesabu kila pigo. Na moto ukiwaka chini ya boneti, itayeyuka mapema wakati chuma bado kimeshika injini. Itumie kwa boneti, vishikio vya nyaya na trei ya betri. Usiitundikie injini.

Ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na miguu yako, nao una kipimo chake: bati la chuma kisichoshika kutu lisipungue milimita 0.38, au la chuma laini lililokingwa dhidi ya kutu lisipungue milimita 0.46. Bati la kuezekea la geji 30 ni jembamba kuliko hilo. Liache juu ya paa.

4. Usinunue unene pale unapohitaji umbo

Hili ndilo kosa la mafundi hodari, na linatokana na moyo mzuri. Fundi akiogopa, huongeza unene. Kwenye mashine ya kusaga ni sawa, mashine haitaki kuruka. Kwenye ndege kila kilo unayoongeza puani lazima uibebe, na huenda ukalazimika kuweka uzito mwingine mkiani ili mizani irudi.

Jifunze biashara ya unene. Bapa ukiliongeza unene mara mbili, uzito unakuwa mara mbili, nguvu ya kupinga kupindwa mara 4, na ugumu wa kutonepa mara 8. Inaonekana faida kubwa. Lakini ona umbo linavyokupa zaidi: bomba la kipenyo cha milimita 22 lenye ukuta wa milimita 0.9 lina uzito sawa na chuma cha duara kisicho na tundu cha milimita 9 hivi, na bado linapinga kunepa zaidi ya mara 11. Hukuongeza hata gramu. Umeusogeza tu uzito uleule mbali na kitovu.

Kwa hiyo unene upeleke mahali pake. Mabomba marefu yawe na kipenyo cha kutosha na ukuta mwembamba kama mchoro unavyosema. Ukuta wa milimita 0.9 na 1.2 ni wa kawaida kwa ndege ndogo. Unene wa kweli uweke kwenye masikio, pale bolti inapopita, kwa sababu hapo bolti inataka kurefusha tundu. Na tundu likae mbali na ukingo: kutoka kitovu cha tundu hadi mwisho wa chuma kusipungue mara mbili ya kipenyo cha bolti. Bolti ya milimita 8 inataka milimita 16.

Tena angalia usiruke kutoka unene mkubwa kwenda mdogo kwa ghafla. Sikio nene likichomelewa kwenye bomba jembamba, bomba linaungua kabla sikio halijapata joto, na baadaye mtikisiko wote hukusanyika pale chuma kinene kinapoishia. Punguza unene taratibu, au liache sikio likumbatie bomba kwa urefu.

5. Kwepa kila pembe kali

Ikiwa huna muda wa kujifunza yote, jifunze hili. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, yenye namba G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg na kupitia Entebbe, katika safari ya kwanza ya ndege ya jeti kubeba abiria kibiashara. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 wakafa. Wachunguzi wa Uingereza walichukua mwili wa Comet nyingine, wakauzamisha kwenye tangi la maji kule Farnborough, wakaujaza shinikizo na kulitoa, tena na tena, hadi ukapasuka. Nyufa zilianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa mwilini, na kwenye matundu ya ribiti.

Wahandisi wale walikuwa na viwanda, maabara na mabingwa. Metali ilichoka pale pale inapopenda kuchoka: penye pembe, tundu na mkwaruzo.

Wewe una tupa na msasa, navyo vinatosha. Fanya kila pembe ya ndani iwe ya mviringo. Kila tundu ulilotoboa, ondoa makali yake pande zote mbili. Usichore mistari ya kukatia kwa msumari, maana mstari huo ni ufa uliouanzisha mwenyewe. Tumia kalamu ya maka. Kwenye alumini usitumie penseli, kwani grafiti yake hualika kutu. Ukikunja bapa, likunje kwa duara, na mkunjo ukatishe mistari ya kiwandani badala ya kuifuata.

Kazi hii haionekani na inachosha. Ifanye usiku, redio ikiwa imewashwa.

6. Mwachie mwingine achomelee

Najua unaweza kuchomelea. Umetengeneza mageti, umeunganisha fremu za bodaboda. Hata hivyo mlipe mtu mwingine, yule anayechomelea mabomba membamba kwa gesi au kwa TIG kila wiki. Rodi za kawaida hutoboa ukuta wa milimita 0.9 kabla hujakaa sawa.

Kabla hujampa kazi, mpe mtihani. Mwambie aunganishe vipande vitatu vya bomba lilelile. Kimoja kipasue kwa msumeno utazame ndani kama moto umepenya. Kingine kibane kwenye jiliwa ukipige nyundo hadi kipinde. Kama bomba limepinda na mchomeleo umebaki, mpe kazi. Kama mchomeleo umeachia, mpe chai, mshukuru, na utafute mwingine.

Mpe na masharti ya mahali. Ukungu wa Usambara na upepo wa mabondeni hupoza chuma haraka, na 4130 ikipozwa haraka huwa ngumu na yenye kukatika. Afanyie ndani, milango imefungwa, na asimwagie maji wala kupuliza. Chuma kipoe chenyewe. Na wewe ukirudi na grainda kutaka kuusawazisha mchomeleo ili upendeze, liweke chini. Uvimbe ule ni nguvu uliyokwisha kuilipia.

7. Jiandae kwa raba kuungua

Raba za mauntingi hupunguza mtikisiko, lakini raba huzeeka, hulainika kwa mafuta, huungua. Panga mapema itakavyoshindwa. Weka washa ya chuma pana kuliko tundu lililobeba raba, ili hata raba ikiisha yote injini itingishike, ipige kelele, ikutie hofu, lakini isitoke. Kushindwa kwa heshima ndiko huko: kifaa kinaharibika huku kikikuonya.

Bolti ziwe za daraja linalojulikana, kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya ndege. Nati ziwe na kizuizi: zile zenye tundu na pini ya kupenya. Zenye nailoni ndani zikae mbali na joto la ekzosi.

8. Jihadhari na hewa ya kwenu

Mwaka 1914 Waingereza walipoitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg ndani ya mikono ya Rufiji, rubani Dennis Cutler alikuwa na ndege ya majini ambayo radieta yake iliharibika. Wakamtafutia radieta ya gari la Ford kutoka Mombasa, na akaruka nayo. Mwaka uliofuata zililetwa ndege za Sopwith, na gundi ya mbao zake ikaachia kwa joto na unyevu.

Chukua mafunzo yote mawili. Vipuri vya gari unaweza kuviazima pale ambapo kuharibika kwake kutajionyesha mapema, kama radieta inavyotoa mvuke. Mauntingi haitoi mvuke. Na usiamini kwamba kilichodumu nchi kavu na baridi kitadumu kwenu Amani, ambako mvua haina mapumziko marefu. Mabomba yafungwe ncha zote, ndani yake yamezungushiwa mafuta ya kitani kisha yakakaushwa, ili kutu isianze mahali ambapo jicho halifiki. Nje paka rangi nyeupe au ya kijivu hafifu. Nyeusi inapendeza zaidi, lakini kwenye nyeupe ufa huonekana kama unywele.

9. Sasa vunja

Mnamo 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani, wakapanda mimea ya kutoka pembe nyingi za dunia, mkwinini ukiwemo, ili ijulikane ipi inastawi na ipi inakufa kabla mkulima hajatia fedha yake. Mnaishi mahali palipojengwa kwa ajili ya kujaribu. Jaribuni.

Tengeneza mauntingi mbili zinazofanana. Moja ni ya kuruka, nyingine ni ya kufa. Ya kufa ifunge kwenye ukuta imara wa chuma kwa bolti zilezile, na mahali pa injini weka fremu ya kubebea mizigo. Pandisha mfuko mmoja mmoja wa saruji wa kilo 50. Ikifika mifuko 6, umepita kidogo ile 285. Toa mifuko yote, pima kwa uzi na rula. Kila kitu lazima kiwe kimerudi mahali pake. Kisha rudisha na uendelee hadi mifuko 9, ambayo ni kilo 450. Iache sekunde 3 angalau. Inaruhusiwa kupinda, hairuhusiwi kuachia. Kwa upande, kamba, kapi na mifuko 3. Kwa msokoto, nondo nene ya mita 2 na kilo 45 mwishoni mwake: hapo umeipata ile 882. Ikiwa imesimama, ongeza msokoto na mzigo wa chini kwa pamoja, maana angani haviji kwa zamu.

Ikibaki nzima, endelea kuongeza hadi ikatike. Watu wasimame mbali, na kamera iwe imewashwa. Utajua sehemu gani inaanza kuachia, na hapo ndipo utakapokuwa unapatazama kila asubuhi kabla ya kuruka.

Fanya siku ya gulio. Ulitaka kuonekana, na hapa kuna mshindo, kuna chuma kinachopinda na kuna maelezo ya kutoa. Watoto watakaokuona ukivunja chuma kwa makusudi watajifunza uhandisi zaidi kuliko watakaokuona ukipita juu.

10. Mwite mwenye jicho baya

Funga ile nzima kwenye ndege, ndege uifunge kwa minyororo ardhini, uwashe injini saa nyingi kwa mizunguko tofauti. Kisha ondoa boneti na ukague kila mchomeleo kwa kioo na tochi. Mwalike fundi anayependa kukosoa, yule usiyempenda, umpe tochi. Halafu peleka michoro, vyeti vya chuma, picha za majaribio na namba zako kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kabla gurudumu halijaacha nyasi. Watakuuliza maswali mengi. Ukiwa na daftari la mifuko ya saruji, mengi utakuwa umekwisha kuyajibu, na utazungumza nao kama fundi kwa fundi.

Wakisema bado, rudi gereji urekebishe. Aliyeambiwa bado akiwa chini hajapoteza kitu ila muda.

Na usihofie gharama ya majaribio. Mauntingi iliyokatika itundike pale watoto wale watakapoiona, na saruji uihifadhi pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko 9 ni mwanzo mzuri wa sakafu ya banda la ndege.